Hongera za Mizani

Wagonjwa wa kliniki ya tumbo na ini walimwita nesi wao Sista Hongera, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kwa miaka sita alisimama kando ya mizani ya mlangoni, na kila mshale ulipopanda kuliko mara iliyopita, aliandika kwenye kadi: "Ameongezeka, hongera." Mgonjwa wa utumbo aliyepata kilo moja, hongera. Mgonjwa wa ini aliyepata tatu, hongera na juu yake kupigwapigwa begani. Watu waliotoka nyumbani na nyuso za msiba walirudi wakitabasamu, na nesi akaamini, kama tunavyoamini wote kazi inayotuletea shukrani, kwamba anaifanya sawasawa.

Hongera za Mzee Winchi ndizo zilizomtokea puani.

Mzee Winchi alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni, wa wale wanaobeba gunia begani na bado wakabakiwa na pumzi ya kutania watu. Ini lilimtoa kazini akiwa na miaka hamsini na minane. Mara nne mfululizo alipanda mizani: sitini na nane, sabini, sabini na mbili, sabini na tano. Mara nne nesi akamwandikia hongera kwa mkono wake. Mara ya tano hakuja kwa miguu. Aliletwa kwa kiti cha magurudumu, msukumaji akiwa mkewe, fundi cherehani, mwanamke mdogo wa umbo ambaye ukimwona unajiuliza anaifikiaje pedali.

Mke alieleza kwamba juzi yake mumewe alikaa chini bafuni akashindwa kuinuka. Alimvuta, akamsukuma, akamwekea ndoo ajishikize, wapi. Wakakaa sakafuni wawili hao asubuhi nzima mpaka jirani aliporudi.

"Mimi simwezi, sista," alisema. "Akianguka tena tukiwa peke yetu, itakuwaje?"

Nesi alimsaidia mzee kupanda mizani. Sabini na sita. Kalamu ilishagusa kadi, imeanza kuandika kwa mazoea, alipoliona shati. Mikono yake ilikuwa imebanwa upya, kwa mshono mzuri ajabu, hadi ikawa myembamba kama ya mtoto wa shule. Suruali nayo ilikuwa imeongezewa kitambaa kiunoni. Akauliza nani kafanya hivyo. Mke hakuona la kuficha: tangu mwaka uanze alikuwa amepunguza mikono ya mashati mara mbili kwa sababu mumewe alikuwa anaogelea ndani yake, na viuno vya suruali ameviachia mara tatu.

"Nilidhani mnajua," alisema. "Si nyinyi ndio mnaompima?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na nesi alisimama ameshika mkono wa shati la mgonjwa wake. Lile tumbo lililotanua suruali lilikuwa maji. Nyama ya mabega, ya mapaja, nyama iliyobeba magunia miaka thelathini, ilikuwa inaondoka kidogo kidogo, na maji yanakaa mahali pake, na mizani haijui kutofautisha maji na nyama. Hayo alifundishwa chuoni. Aliyajibu hata kwenye mtihani.

Akauliza mzee anakula nini, na hapo ndipo alipomalizwa. Mke alijibu kwa fahari ya mtu aliyefuata maagizo: uji asubuhi, nusu sahani jioni. Mayai na maharage aliyakata kabisa, maana jirani alimwambia yanalemea ini. "Na kadi yako ilisema anaongezeka," aliongeza, "nikaona tusimzidishie."

Nesi alikwenda kwenye sinki akanawa mikono isiyokuwa na uchafu. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile isiyotafuta wa kugawana naye. Alipojifuta alikuwa ameshaamua.

Alimfuata daktari mkuu wa kliniki mchana huohuo. Alitaka kila mgonjwa apimwe nguvu za misuli, si uzito peke yake: utepe wa kuzungushia mkono, kile kidude cha kubana kwa kiganja kilichokuwa kinalala kabatini, na kiti. Daktari alimkumbusha kuwa foleni ni watu arobaini kabla ya saa sita, na kwamba wao wanatibu matumbo, hawafundishi mazoezi. Nesi akasema ni dakika tatu kwa mtu, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Daktari akasema wiki nane, foleni ikilalamika kiti kinarudi kilikotoka. Nesi alitoka bila kushukuru, maana alishakibeba kiti kutoka chumba cha mafaili kabla ya kuomba ruhusa.

Kilikuwa kiti cha mbao, kigumu, kisicho na pa kuegemeza mikono. Mgonjwa anakunja mikono kifuani, anasimama na kukaa mara tano, nesi akitazama saa. Ukipita sekunde kumi na tano, misuli ina la kueleza. Mzee Winchi alipoitwa alicheka akasema tangu lini kukaa kukawa mtihani. Akaweka viganja mapajani ajisukume. Nesi akamwambia mikono kifuani. Akajaribu, mabega yakaenda mbele, matako yakabaki kwenye kiti. Akajaribu tena. Waliokaa kwenye benchi la foleni waligeukia pembeni, maana wengi walimfahamu tangu enzi za magunia. Kwenye kidude cha kubana alipata kilo kumi na tisa, naye mwanamume anatarajiwa angalau ishirini na saba.

Daktari aliandika vidonge vya kupunguza maji na kukataza chumvi. Yaliyobaki nesi aliyashika mwenyewe. Mayai yarudi, maharage yarudi, samaki akipatikana asiachwe. Ale kidogo lakini mara nyingi, na asilale bila kutia kitu tumboni, kwa sababu mwili wenye ini bovu ukifunga usiku kucha huamkia kuila nyama yake wenyewe. Na kiti: nyumbani afanye mazoezi ya kusimama na kukaa kila siku. Mke ndiye aliyeigundua njia: aliweka juu ya kiti cha nyumbani vitambaa vinane vilivyokunjwa, kiwe kirefu na rahisi kuinukia, na kila wiki akatoa kimoja.

Kila Alhamisi nesi alipiga simu. Kila Alhamisi mzee alilalamika kwamba mkewe amegeuka nyapara. Kliniki nako kiti kilifanya kazi yake. Wenye mashavu ya kushiba walikwama juu yake, mmoja akalia, na foleni badala ya kulalamika ikaanza kuhesabu kwa sauti pamoja na nesi.

Wiki ya nane Mzee Winchi aliingia kwa miguu yake, na fimbo. Mizani ikasema sitini na tisa. Mke alishika mdomo. Kilo saba zimekwenda. Nesi akamwambia ni maji yaliyotoka, asiogope, akampa mzee kidude abane. Ishirini na nne. Kisha akakivuta kiti. Daktari alikuwa mlangoni, amekuja kutazama wiki zake nane zimeishaje.

Mikono kifuani. Moja. Mbili. Tatu, polepole. Nne, na magoti yakitetemeka. Ya tano aliinuka nusu, akarudi chini kwa kishindo.

Alihema, akamwashiria nesi asogee.

"Andika tano, mwanangu," alinong'ona. "Moja hiyo nipe ya heshima."

Nesi alimpenda mzee huyu, na daktari alikuwa anatazama, na tano ingependeza kwenye kadi.

"Baba, nilishakuandikia hongera nne za uongo," alisema. "Zikakulaza sakafuni. Ya tano siandiki."

Akaandika: nne. Mzee aliitazama ile kadi. Alikuwa na haki ya kukasirika, na kwa kitambo ilionekana ataitumia. Kisha akamkabidhi mkewe fimbo, akasogea mbele kidogo kwenye kiti, akakunja mikono kifuani bila kuambiwa.

"Basi tuanze upya," alisema.

Daktari alivua saa yake ya mkononi akampa nesi, na benchi likaanza kuhesabu.