Sema Wasikie Walio Chini

Majira ya baridi yaliyopita, Ormon, mwenyekiti wa klabu ndogo ya wapanda milima mjini Bishkek, aliishiwa nguvu karibu na kilele. Begaim, mwanachama aliyekuwa akipanda naye, akamalizia peke yake. Lakini klabuni Ormon alitamba kwamba yeye ndiye aliyefika, na kwamba Begaim alibaki nyuma akilia. Tangu hapo wenzao wakamwita Begaim Machozi.

Jumapili moja klabu nzima ilikwenda bonde la Ala-Archa, kwenye maporomoko ya maji yaliyoganda. Begaim alitangulia juu na kamba. Ormon, kwa majivuno, akapanda bila kujifunga. Katikati ya ukuta shoka lake moja la barafu likamponyoka. Akabaki ameng'ang'ania la pili.

"Dada, nitupie kamba!"

"Nani alifika kileleni?"

"Begaim, nakufa!"

"Basi sema, wasikie walio chini."

"Wewe! Ulifika wewe! Mimi ndiye niliyelia!"

Hapo ndipo akamteremshia kamba yenye ndoano ya kujifungia, taratibu kabisa, huku chini watu wakiangua kicheko.

Wiki iliyofuata barua ya Ormon ya kujiuzulu ilibandikwa mlangoni pa klabu. Begaim aliisoma mara mbili, na ya pili aliisoma kwa sauti.