Koti la Wekoye

Mume wangu alipofariki, mkwe wangu Wekoye, mume wa binti yangu Fridah, ndiye aliyeanza kunilimia. Kila msimu alitoka kwake Saboti akaja Kamukuywa, akafunga ng'ombe wangu nira, na mimi nikakaa jikoni mpaka amalize. Kwetu mama na mume wa binti yake hawatazamani, sembuse kugusana. Chakula nilimpelekea kwa mkono wa shemeji yangu, Wamalwa.

Aprili 2004, akifungua nira, dume lilimpiga teke la kifua. Niliona kwa ufa wa mlango. Alianguka, akaamka, akafunga koti vifungo vyote mpaka shingoni.

"Ati umeangushwa na ng'ombe wa mama mkwe?" Wamalwa akamcheka.

"Pumzi tu imekatika, mzee. Itarudi."

Wakaketi nje, wameegemea ukuta wa jikoni. Nilitoa sufuria motoni nikasikiliza. Wekoye alisema neno moja, akapumzika, akasema lingine. Uji aliukataa. Nikaomba Mungu, lakini maombi yalitoka kama ya mtu mwingine.

"Shemeji," nikasema nikiwa ndani, "mfungue koti, umwangalie kifua."

"Nimvue nguo hapa kwako, na wewe uko hapo? Atapona, bana. Si ni kijana?"

"Midomo yake iko rangi gani?"

"Kama majivu," akasema Wamalwa.

Nikatoka. Wekoye aliponiona aligeuza uso, akajaribu kusimama anikimbie, akashindwa. Nikapiga magoti, nikafungua vile vifungo. Upande wa kulia ulipanda na kushuka. Wa kushoto ulikaa tu. Wamalwa alikuwa akinikumbusha mwiko.

Jirani alitupeleka Kitale na pikapu yake. Wekoye akilazwa alizidiwa, kwa hivyo nilikaa naye nyuma, nikamwegemeza kwangu, mkono wangu kwenye mbavu zake. Nilingoja pumzi. Ikaja. Nikangoja nyingine. Sikuhisi hofu, hata aibu sikuhisi.

Hospitalini daktari alimpitisha mrija ubavuni. Hewa iliyokuwa imebana pafu ikatoka, ikifanya mapovu kwenye chupa ya maji.

"Mngechelewa kidogo, mama, tungempoteza," akasema.

Upande wa kushoto ukaanza kupanda.

"Umemgusa, Mama Fridah," Wamalwa akaninong'oneza. "Lazima kondoo achinjwe kuwatakasa."

"Achinjwe."

Wekoye alikuwa amefumba macho, na hakuwa amelala. Nikageuza kiti, nikampa mgongo, nikakaa hapo nikimsikiliza akipumua.