Nyoka wa Chumba cha Mwisho

Tuelewane kwanza: Restuta hakuwahi kuota kufuga nyoka. Mtu na akili zake, binti wa wakulima wa kahawa wa Ruanda kule Mbozi, aliyelelewa akijua nyoka ni wa kupigwa kwanza halafu ndiyo uulize ametoka wapi, aanzie wapi? Lakini upweke bwana, acha kabisa. Ukimkalia mtu sawasawa, huanza kuwaza mambo ambayo jana angeyacheka.

Alikuja Tunduma kwa ajili ya Yesaya, dereva wa malori aliyemvisha pete. Wakapanga chumba cha mwisho kwenye nyumba ya mama Fides, kwamba wakae hapo kidogo mpaka harusi. Yesaya akavuka mpaka na mzigo wa Kitwe, akapotelea huko huko. Simu ikawa inaita haipokelewi, baadaye haiiti kabisa. Kumbe Kitwe kuna mwanamke, na mtoto ameshaanza kutembea! Basi, Restuta akabaki na godoro, sufuria na mabegi mawili ambayo mpaka leo hajayafungua vizuri, maana hajui anakaa au anaondoka. Kurudi Ruanda anaona aibu, kwa sababu ndoa ilishatangazwa kanisani. Kubaki Tunduma, abaki na nani?

Kibarua alipata, cha kuchambua maharage kwenye ghala moja karibu na reli. Shida ilikuwa nyumbani. Wapangaji wenzake walikuwa hawana habari naye. Mji wa mpakani watu wanapita tu, leo yupo, kesho kavuka, sasa nani ajisumbue kumzoea mtu wa chumba cha mwisho? Akisalimia, wanaitikia macho yakiwa kwenye simu. Jioni anasonga ugali wake mdogo, anakula ameegemea ukuta, anasikia anavyotafuna. Siku moja alijikuta anaiambia sufuria asante. Akaona aibu, kisha akalia.

Ndipo Ezron, mlinzi wa ghala, alipokuta nyoka kati ya magunia ya mahindi. Alikuwa mwembamba, wa kahawia, hafiki hata urefu wa mkono. Wachukuzi walitaka kumponda, Ezron akawazuia. Kwao Ndalambo nyoka wa namna ile huachwa ghalani wawale panya, na hawana sumu. Akamtia kwenye ndoo, akatoboa mfuniko.

"Dada Restuta, mchukue huyu," alisema. "Jumamosi tajiri mwenyewe anakuja kukagua mzigo, akimwona humu hapaponi. Wewe unakaa peke yako, si atakuwa mwenzio?"

Wachukuzi wakaangua kicheko. Restuta naye akacheka, lakini maneno yale yalimwingia. Mchana kutwa mikono iko kwenye maharage, mawazo yako kwenye ndoo. Nyoka hapigi kelele. Hali chakula kila siku. Ukihama, unabeba ndoo, safari imekwisha. Na ukirudi jioni, ndani kuna kitu kinachopumua. Alifunua mfuniko akachungulia. Yule mdudu akainua kichwa, akamtazama. Ilikuwa siku nyingi hajatazamwa na yeyote kwa utulivu namna ile.

Sasa hapo ndipo alipokosea. Badala ya kuamua mwenyewe kimyakimya, alitaka kuwa mpangaji mwema, akaenda kuomba ruhusa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, hivi hapa mtu anaruhusiwa kufuga?"

"Kufuga nini, kuku?" Mama Fides alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata uso.

"Nyoka, mama. Mdogo tu. Hana sumu."

Ungo ukasimama. Mama Fides, mwanakwaya wa miaka yote, alimwangalia Restuta kama ndiyo kwanza anamwona. Restuta akategemea kufukuzwa siku hiyo hiyo. Mama yule akasema taratibu, "Mimi sijasikia kitu, mwanangu. Nenda kapumzike."

Mwanangu! Toka lini?

Watu wa mji ule usiwaambie habari ya nyoka. Kila aliyejenga ghorofa haraka husemwa ana joka chumba cha ndani, linatapika hela. Kwa hiyo mtu akija kuomba ruhusa ya kufuga, wanajua ameshamfuga zamani, anatafuta tu baraka za mwenye nyumba. Na mtu hafugi nyoka eti kwa sababu ya upweke. Nani angeamini upuuzi huo?

Kesho yake bombani walimpisha achote wa kwanza. "Dada Restuta, umeamkaje? Kazi zinaendaje?" Wale wale wa simu! Taa ya mlangoni kwake, iliyoungua tangu Yesaya hajaondoka, ikabadilishwa bila kuomba. Alidhani ni bahati tu, mpaka mama Fides alipomvuta pembeni. "Usimtoe," alinong'ona. "Wala usituogope. Sisi sote hapa tunatafuta maisha. Mambo yakinyooka, utukumbuke."

Restuta akaelewa. Alitaka kucheka, alitaka kukimbia. Na afadhali niseme ukweli: alifurahi pia. Usiku ule aliwaza amchukue yule nyoka kweli, ili zile salamu zisije zikakatika.

Jumamosi asubuhi, ghalani, alisimama mbele ya ndoo kwa muda mrefu.

"Vipi, unambeba?" Ezron akauliza.

"Hapana, kaka. Sijui mwezi ujao nitakuwa wapi. Nikiondoka nitamwacha, na mimi najua kuachwa kunavyouma. Simtakii hata nyoka."

Ezron hakutania tena. Walivuka reli pamoja mpaka kwenye majani marefu, akainamisha ndoo. Nyoka akateleza, akaingia kwenye majani, akaenda zake. Restuta alibaki anaangalia majani yakitulia. Alijua amefanya vizuri, na moyo ulikuwa mzito vilevile.

Alirudi nyumbani ameazimia kumwambia kila mtu ukweli, iwe basi.

Jioni, kabla hajawasha jiko, hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa mama Faith wa chumba cha pili, muuza mitumba, na hotipoti mkononi. "Nimepika wali na maharage, nikasema nisile peke yangu." Alivua ndala, akaketi mkekani. Wakanawa, wakala sahani moja. Mama Faith alisimulia jinsi mteja alivyojaribu koti la kike akaondoka nalo akidhani ni la kiume, wakacheka mpaka wakapaliwa. Alimuuliza Restuta habari za kwao, akamuuliza hata habari za Yesaya, akamsonya Yesaya vizuri kabisa. Tangu apange chumba kile, hakuna mgeni aliyewahi kula humo. Restuta alitamani wali usiishe.

Ukaisha. Mama Faith akafuta vidole, akashusha sauti. "Shoga, biashara yangu imelala. Naomba unionyeshe tu. Nimsalimie."

Restuta alifungua mdomo aseme: hayupo, hajawahi kuwepo. Maneno yalikuwa tayari kabisa. Akaona mkono wa mama Faith umeshashika mfuniko wa hotipoti, mguu mmoja unatafuta ndala.

"Amelala," akasema.

"Aa. Basi nije kesho?"

"Njoo kesho."

"Nimletee nini? Anakula nini?"

Restuta akafikiri kidogo, macho yake kwenye sahani tupu.

"Wali na maharage," akasema. "Ila hapendi kula peke yake."