Geji Ilisema Nusu Tangi

Mume hakukaa wala hakusimama. Alizunguka gari, akachungulia ndani, akaenda hadi mlango wa gereji, akarudi kuzunguka tena.

"Shemeji, hebu kaa! Unanitia kizunguzungu," fundi alimwambia, akiwa amejikunja ndani ya gari. Alikuwa ameng'oa kiti cha nyuma, maana tangi la gari lile hufikiwa chini yake. Umeme wa betri alishaukata, na milango yote ilikuwa wazi ili harufu ya petroli itoke.

Angekaaje? Wiki nzima mkewe na mtoto walikuwa wanalala kwa huyu huyu fundi, kaka wa mkewe, katika nyumba iliyo nyuma ya gereji. Gari lilikuwa limemzimikia mkewe barabarani akimpeleka mtoto hospitali. Mkewe alisema geji ilionyesha nusu tangi. Mume akashikilia kwamba hakutazama. Na magari haya ya haibridi nayo yana unafiki wake: petroli ikiisha, injini haikohoi wala hailalamiki. Betri inapokea kazi kimyakimya, inakusogeza mbele kidogo, kisha inakutosa.

Basi mume alikuwa ameshapiga hesabu zake. Sensa, kile kifaa cha ndani ya tangi kinachoiambia geji petroli imebaki kiasi gani, ikionekana mbovu, hakuna mwenye kosa, lawama zote ni za chuma, na mke anarudi nyumbani leo leo.

Fundi aliitoa sensa kwenye tangi, akaifunga nyaya za mita ya kupimia umeme, akausukuma kwa kidole ule mkono wenye boya la kuelea juu ya petroli. Ulipanda, namba zikapanda. Akaushusha, namba zikashuka bila kasoro.

"Nzima?" mume aliuliza, roho juu.

"Subiri. Kwenye tangi hakuna kidole."

Akaupandisha tena mpaka juu, akauachia ushuke wenyewe. Ulishuka hadi katikati, ukakwama hapo hapo. Mita ikaganda kwenye nusu.

"Pini imelika," fundi alisema. "Dada aliona nusu kweli."

Mume nusura aruke. Alikimbilia mlango wa nyuma, akamwita mkewe kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Mke akatoka, mikono ina povu la sabuni.

"Ni sensa, mke wangu! Si wewe, wala si mimi!"

Mke aliitazama ile sensa mkononi mwa kaka yake.

"Mimi nilijua si mimi," alisema. "Nilikupigia nikiwa katikati ya barabara, magari yananipigia honi, mtoto anachemka homa. Ukaniuliza nimelifanya nini gari. Ukaniuliza tena. Mtoto hukumuulizia mpaka simu ikakatika."

Fundi akajifanya anatafuta spana. Maneno yale yalimuuma mume, na yaliuma zaidi kwa sababu alikumbuka vizuri kwamba ndivyo ilivyokuwa.

"Homa..." alianza. "Homa ilishuka?"

"Ilishuka zamani," mkewe alijibu, akarudi ndani kumalizia kufua.