Pilipili Zilizonyofolewa Vikonyo

Mama mkwe wangu hakuwahi kunipa neno jema kuhusu shamba lile la pilipili. Nilipotandaza nyasi kavu chini ya miche, aliuliza kama nawatandikia wageni. Nilipoacha kupulizia dawa kila wiki nikaweka samadi iliyooza, alisema nimeshindwa kilimo, sasa nafuga wadudu. Na mimi si mpole. Nilikuwa nanuna mpaka jioni.

Lakini hesabu ilikuwa upande wangu. Nyasi zilitunza unyevu, tukamwagilia mara mbili kwa wiki badala ya kila siku, na pesa ya dawa ikabaki mfukoni. Kilichobaki ni bei. Mnunuzi mmoja anayesafirisha nje, tuliyembandika jina la Bwana Mizani, alilipa mara tatu ya bei ya sokoni kwa pilipili zisizo na dawa. Mume wangu alinipa mchumo huu mmoja tu: ukifeli, shamba linakodishwa kwa mfyatua matofali. Na shamba likishachimbwa udongo, kwaheri.

Siku hiyo nilichuma tangu alfajiri, nikajaza ndoo nane, nikaziacha kivulini nyuma ya nyumba. Kisha nikaenda mjini kumchukua Bwana Mizani na kreti zake.

Tuliporudi alasiri, alishika pilipili moja, akaigeuza, akashika nyingine.

"Vikonyo viko wapi, dada?"

Nikainamia ndoo. Pilipili zote zilikuwa zimenyofolewa vikonyo na kuoshwa, zinang'aa. Pilipili isiyo na kikonyo huanza kuoza palepale ilipojeruhiwa. Safari ndefu haiiwezi.

"Hizi siwezi kuzichukua," akasema. "Wahi nazo sokoni leo leo."

Mume wangu alikuwa amesimama pembeni. Nikachungulia jikoni nikitafuta wa kumfokea. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono yote miwili ndani ya bakuli la maziwa, macho mekundu kwa kuwashwa. Mama yule hajawahi kumwekea mgeni pilipili yenye kikonyo mezani. Alikuwa amenisaidia muda wote nilipokuwa mjini, peke yake. Hasira ikaniisha, nikabaki na huruma.

"Ni mimi," nikamwambia mume wangu. "Nimekosea."

"Basi kesho nampigia mtu wa matofali."

"Humpigii mtu!" Mama alitoka, maziwa yanamchuruzika viwikoni. "Mkeo anasema uongo. Nimezinyofoa mimi, nikidhani nazitengeneza. Yeye alizikuza vizuri, mimi nikaziharibu. Mchumo huu uhesabu kuwa wangu. Wake bado."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Bwana Mizani akakohoa kidogo.

"Naona nyingine shambani zinakaribia kuiva," akasema. "Nitapita tena baada ya siku kumi."

Mama akanigeukia. Kwa miaka tisa alikuwa akinifundisha hata namna ya kushika ufagio.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nifundishe kuchuma."