Mashine Iliyofichwa Chini ya Kitanda

Lusenge hakuwa na diploma ya chuo kikuu. Hakuwa na motokari wala pikipiki, wala shamba la kakao upande wa Oicha kama wadogo zake. Hakuwa na mtoto mwingine ila Hadassa, kwa sababu wote waliomfuata waliondoka wakiwa wachanga. Na asubuhi ile, mjini Beni, hakuwa na mtandao wa simu, maana ulikatika tangu siku za ghasia. Hakuwa na damu ya kundi ambalo daktari alilitaka. Na, kitu kilichomchoma kuliko vyote, hakuwa na njia ya kuingia katika programu aliyoiandika yeye mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa mikono yake miwili.

Hadassa alikuwa amejifungua alfajiri. Mtoto, wa kiume, alilia vizuri. Mama yake ndiye aliyenyamaza. Damu ilimtoka na haikutaka kusimama, na daktari alipokuja kuongea na familia kwenye korido hakuzunguka. Huyu ni O négatif, alisema, anapokea O négatif peke yake, na mfuko mmoja uliokuwa kwenye frigo unakwisha sasa hivi. Ikipatikana nyingine kabla ya jioni, sawa. Isipopatikana, akasema, na hapo daktari akaangalia viatu vyake.

Walimpima Lusenge, haikufaa. Walimpima Godelive, mke wake, haikufaa. Apollinaire, mume wa Hadassa, alikuwa ameshaondoka alfajiri ileile kwa pikipiki, na glacière, sanduku la baridi la kubebea damu, kwenda kuuliza hospitali za Butembo. Lusenge alikimbia kwa miguu hadi ofisi ya chama cha watoa damu, na njiani moyo wake ulikuwa karibu mwepesi. Yeye alijua mahali damu ile ilipo. Ilikuwa ndani ya mashine.

Chama hicho kilikuwa cha makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na kilikusanya watu wa kuanzia Oicha hadi Kayna waliokubali kuitwa siku mgonjwa anapokosa damu. Lusenge ndiye aliyekitengenezea programu ya kutunza majina na makundi ya damu. Alijifunza kazi hiyo katika kozi za jioni mjini Butembo, miaka ile alipokuwa akiuza misumari mchana, na hakuna kitu duniani alichojivunia zaidi, baada ya Hadassa.

Alijivunia hasa kufuli zake. Kule Mabalako, baada ya miaka ya ule ugonjwa wa Ebola, mtu mgeni aliyetamka neno damu aliweza kurudi kwao na jeraha la jiwe kichwani. Watu walikubali kuandikwa kwa masharti. Karatasi za majina zilichomwa mbele ya macho yao. Majina yalifungwa ndani ya mashine, yakageuzwa herufi zisizosomeka, na ufunguo wa kuyasoma ulitolewa na programu peke yake, kwa mtu aliyeingia kwa jina na neno lake la siri. Na hakuna aliyeweza kuitwa kwa mdomo. Aliitwa kwa barua iliyofungwa na kupigwa muhuri wa chama, basi.

Alipoingia ofisini alimkuta Jokébed, katibu wa chama, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, akifuta vumbi kwenye meza. Lusenge hakusalimia. Aliketi mbele ya kompyuta ya Jokébed, akafungua programu, na programu ikamjibu kwamba serveur haionekani.

Kompyuta ile ilikuwa dirisha tu. Majina yenyewe yalikaa katika serveur, sanduku jeusi lisilo na skrini, pembeni ya kabati.

"Mama Jokébed, nani amegusa serveur?"

"Mimi, Papa Lusenge. Nimeirudisha hii asubui."

"Umeirudisha? Ilikuwa imeenda wapi?"

"Kwangu, chini ya kitanda, nyuma ya mifuko ya maharagi." Alicheka kidogo. "Si kulikuwa ville morte? Ulipenda niiache hapa, bezi baibebe? Hata Directeur wa masomo alificha photocopieuse yake kwa poulailler. Kuku zilitaga juu yake."

Lusenge hakuweza kumlaumu. Siku za ville morte mji mzima hufunga milango ili kuonyesha hasira yake, na tangu usiku wa kuamkia siku hizo kila mwenye kitu cha thamani hukihamisha, kwa hofu ya vijana wa mawe na wezi wanaojificha nyuma yao. Yeye mwenyewe alikuwa amelala na kompyuta yake chini ya shuka kama mtoto mgonjwa.

Alipiga magoti, akafuata kamba ya mtandao kwa vidole toka kwenye sanduku hadi ukutani. Ukutani kulikuwa na boîte mbili za mtandao, moja ya chama, moja ya ofisi ya jirani.

"Umechomeka kamba kwa boîte ya jirani, mama!"

"Zote ziko na mataa ya vert, ya kijani. Mi ningejua aje?"

Akaihamisha. Akarudi mezani, akajaribu tena, na safari hii programu ilifunguka hadi pale inapouliza jina na neno la siri. Lusenge alimshukuru Mungu kwa sauti. Aliandika jina lake. Aliandika neno lake la siri.

*Jina au neno la siri si sahihi.*

Labda amekosea herufi. Aliandika upya, polepole, kwa kidole kimoja.

*Jina au neno la siri si sahihi.*

Alitulia. Alifuta jasho kwenye suruali, akaandika herufi moja moja huku akizitamka kimoyomoyo.

*Akaunti yako imefungwa hadi kesho.*

Hiyo pia alikuwa ameiandika yeye. Anayekosea mara tatu ni mwizi, aliwaambia wenzake wakati ule. Mwizi alale nje. Hakufikiria kwamba kuna siku ambayo kesho ni mbali mno.

"Weka ya kwako," alimwambia Jokébed.

Jokébed akaweka ya kwake, ile aliyoiweka kila asubuhi ya kazi. Ikakataliwa. Akaiweka tena, akibonyeza kwa nguvu kana kwamba mashine ni kiziwi. Ikakataliwa. Alipoinua mkono mara nyingine, Lusenge akaudaka hewani.

"Hapana tena! Ikifunga na ya kwako, tumekwisha."

"Mais Papa, hii njo code yangu. Nimeibadilisha wapi?"

Lusenge aliisoma tena ile sentensi ya kukataa. Ubaya ulikuwa kwamba Lusenge aliipa programu yake sentensi moja tu ya kumkatalia mtu, awe amekosea jina, au neno la siri, au akaunti yake imepita muda. Mwizi asiambiwe alipokosea. Sasa mwenye nyumba alisimama mlangoni pamoja na mwizi, na wote wawili walijibiwa sawasawa.

Alifikiria kwamba majina yameoza kule chini ya kitanda. Alifikiria kwamba mtu ameingia na kubadilisha maneno yote ya siri. Alifikiria viatu vya daktari.

Godelive aliingia bila kubisha hodi, kitenge kimefungwa upande, macho makavu.

"Baba Hadassa, daktari anaomba jina."

"Niko natafuta."

"Uko unatafuta wapi? Ndani ya kitu yako mwenyewe? Mutu anapoteaka ndani ya nyumba yake?"

"Mama Hadassa, uniachie kidogo."

"Miaka yote unaniambia: hii mashine hapana sahau mutu. Nilikuwa nalala peke yangu sababu ya hii mashine. Leo imekusahau weye." Sauti yake ikapasuka. "Mutoto wetu amekuwa mweupe, Baba Hadassa. Midomo na mito ya kitanda, rangi moja."

Kabla hajajibu, pikipiki ilizima mlangoni, na Apollinaire akaingia na vumbi la barabara nzima usoni. Aliweka glacière mezani. Kifuniko hakikufungwa vizuri. Ndani mlikuwa na barafu iliyogeuka maji.

"Nimezunguka Butembo yote, Papa," alisema. "Bamenipatia barafu."

Akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani, kijana mkubwa yule, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Lusenge alichomoa skrini kwenye kompyuta ya Jokébed, akaichomeka kwenye sanduku jeusi. Hakuwa na tumaini la kusoma majina pale. Alijua vizuri jinsi alivyoyafunga. Lakini kulikuwa na faili moja ambamo programu huandika kila anayegonga mlango, aliyekubaliwa na aliyekataliwa, ikiwapanga kwa tarehe. Angalau faili hiyo ingemweleza ni nani aliyemharibia.

Alishuka hadi mwisho wake. Wa mwisho kuandikwa alikuwa Jokébed, siku ya Jumamosi, kabla ya ville morte, amekubaliwa. Baada yake hapakuwa na kitu.

Alisoma mara mbili. Yeye mwenyewe amegonga sasa hivi, mara tatu. Jokébed amegonga. Kugonga kwao kumekwenda wapi?

"Kama hakuko mwisho," alisema kwa sauti, bila kumwambia mtu, "kuko mwanzo."

Akapanda juu, akapita miezi, akapita miaka, hadi juu kabisa, kabla hata ya siku chama kilipoanza. Pale, wamepangwa kama wazee kwenye benchi la mbele kanisani, alikuta Lusenge amekataliwa, Lusenge amekataliwa, Lusenge amefungiwa, Jokébed amekataliwa, Jokébed amekataliwa. Tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili na kumi.

Mwaka ule Hadassa alikuwa darasa la tatu, na alikuwa hana meno mawili ya mbele.

Lusenge alianza kucheka, na kicheko chenyewe kilimtisha Godelive, akamshika bega. Ndani ya kila kompyuta mna betri ndogo, mfano wa kifungo cha shati, inayokumbuka saa wakati umeme haupo. Ya sanduku hili ilikuwa imekufa zamani na hakuna aliyejua, kwa sababu sanduku halikuwahi kuchomolewa. Sola ya ofisi ilililisha mchana na usiku. Lilipolala nyuma ya maharagi ya Jokébed lilisahau saa, likaamka likidhani ni mwaka elfu mbili na kumi, na mtandao wa kuliambia saa ya kweli ulikuwa umekatika. Na kila akaunti katika programu ya Lusenge ina siku ya kuanza, na kabla ya siku hiyo hukataliwa. Kwa mashine ile, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameanza.

"Mama Jokébed, saa yako inasema nini?"

"Saa ine na dakika kumi. Iko mbele kidogo."

"Haizuru."

Akaandika saa. Akaandika siku, mwezi, mwaka. Akarudisha skrini mahali pake, akaweka jina lake mwenyewe, na hakuogopa ile kufuli ya hadi kesho, maana kesho ya mwaka elfu mbili na kumi ilikwisha kupita zamani. Mlango ukafunguka.

Wa kundi lile walikuwa watatu. Wa kwanza aliishi Kayna, mbali kusini, hakuna pikipiki ya kumleta kabla ya jioni. Wa pili, mbele ya jina lake, Jokébed alikuwa ameweka alama ya msalaba. Wa tatu alikuwa Kamate Éphraïm, mkulima, Mabalako.

Lusenge alimkumbuka. Ndiye aliyesimama karibu na moto hadi karatasi ya mwisho ikawa majivu, kisha akayavuruga majivu kwa fimbo.

"Miye niende sasa hivi," Apollinaire alisema, na alikuwa amekwisha kuinuka.

"Bila barua watakupiga, mwanangu. Na hawakujui huko. Rudi kwa mke wako." Akamgeukia Jokébed. "Ananie iko?"

Ananie alikuwa motard wa chama, mwendesha pikipiki, mzaliwa wa Mabalako, na alisimama nje akijaza mafuta kwa chupa.

Lusenge alichukua karatasi. Barua za chama zilikuwa na maneno yake, alizoea kuyaandika bila kufikiri: mgonjwa mmoja anahitaji damu yako. Jina la mgonjwa halitajwi, ili maskini na mkubwa waitiwe damu kwa sauti moja. Kanuni hiyo pia aliipigania yeye. Aliandika: *Ndugu Kamate, mgonjwa mmoja,* na kalamu ikasimama.

"Andika jina yake," Godelive alisema kwa sauti ndogo.

"Kanuni inakataza."

"Andika."

Jokébed aligeuka dirishani, akaanza kukunja pazia ambalo halikuhitaji kukunjwa.

Akaandika: *Ndugu Kamate, mgonjwa ni Hadassa, binti yangu, sina mwingine. Amejifungua leo. Ulituona tukichoma karatasi, na tangu siku ile hakuna aliyekugongea. Leo nagonga mimi. Siwezi kukulazimisha, na ukikataa nitalitunza jina lako vilevile. Ananie atakubeba na kukurudisha. Ukikubali, panda hata kama uko na udongo mikononi. Lusenge.*

Hakuisoma tena. Aliikunja, akaitia katika bahasha, akapaka gundi kwenye mdomo wa bahasha na kuukandamiza kwa ngumi hadi ukashika. Jokébed akaja na muhuri, akaupiga pale karatasi mbili zinapokutana, nusu huku, nusu huku, halafu akapuliza wino ukauke.

Nje, jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya mabati. Ananie aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaisukuma ndani ya koti, juu ya moyo, akafunga zipu hadi shingoni.

"Nimuambie nini, Mzee?"

"Usimuambie kitu. Umpe mkononi."

Pikipiki ikakohoa, ikashika, ikaelekea njia ya Mabalako.