Damaris Atakaa Mbele

Ukitaka kununua boti kuukuu, kwanza uwe na moyo wa kuchekwa. Sisi tulichekwa kuanzia Karungu mpaka Homa Bay, na mdomo wangu bado haujachoka kuwajibu.

"Mnataka ya kuvua?" wanauliza.

"Hapana."

"Ya kubeba mchanga?"

"Hapana."

"Sasa ya nini, mama?"

"Ya kutembea. Tupande, tukae, tule chapati zetu katikati ya maji, turudi nyumbani. Kuna sheria imekataza?"

Hapo ndipo wanapoangua kicheko. Mwanamume akinunua pikipiki ya kuzungukia soko tu, watu wanampa hongera. Wanawake wanne wakitaka boti ya kujifurahisha, yawa, dunia imeisha!

Tuko wanne wa chama kimoja cha kuchangiana pesa, Migori mjini. Mimi ni Caren, nashona nguo karibu na stendi. Sumeya anauza leso na madera duka la pili kutoka langu. Ni mtu wa Mombasa aliyeolewa huku, na akifungua mdomo, Kiswahili chake kinatufanya sisi wengine tujione tumetoka shamba jana. Milka ni Mkuria, anafuga ng'ombe, na ukisalimiana naye kwa mkono utaukumbuka mkono huo mpaka jioni. Halafu kuna Damaris, anayeuza uji na mihogo hapo mlangoni pangu. Pesa zilikuwa za chama, lakini boti ilikuwa ya Damaris kuliko yetu sote.

Damaris aliolewa Karungu, kwa mvuvi aliyeitwa Cephas. Cephas aliugua, akafa, akazikwa. Kwa desturi yetu Wajaluo, mjane hurithiwa na ndugu wa mumewe, kwa hiyo shemeji yake Ochola akaja na koti lake, akalitundika ukutani kwa Damaris. Koti likishaning'inia, maneno yameisha. Damaris alilishusha, akalikunja vizuri, akaliweka nje juu ya ua. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Alisema tu, "Nilikuwa na mume, na nilimpenda. Sitaki mwingine."

Basi, bichi nzima, wavuvi wote wa ufuo ule, ikamgeuka. Wakasema ana chira, laana ile inayomwandama aliyevunja mwiko, na kwamba boti atakayoikanyaga itarudi tupu au haitarudi kabisa. Mwanamke aliyepokea samaki kwenye boti tangu akiwa bibi harusi, sasa akisogea karibu wanaume wanamfukuza kama kuku kwenye mahindi. Dada yake alipojifungua kule kisiwani, Damaris alisimama ufuoni asubuhi nzima na zawadi ya mtoto mkononi, na hakuna aliyekubali kumvusha. Akachoka, akamchukua mwanawe Byron, akaja kwetu Migori.

Siku tulipokuwa tunajadili chama kinunue nini mwaka huu, sufuria kubwa au viti vya kukodisha, Damaris alikuwa anakoroga uji wake. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nataka kukaa kwenye boti. Mbele kabisa. Tena mchana, watu wakiniona."

Nikawaambia wenzangu sufuria ziende zao.

Ni mimi niliyeshikilia tuanzie Karungu. Wenzangu walisema nawasha moto kwa makusudi, na kweli nilikuwa nauwasha. Tulimpata bwana mmoja mwenye fulana ya kijani, ana boti imelazwa mchangani, rangi mpya inang'aa. Alikuwa akiipigapiga ubavu kama mtu anayeuza fahali. Damaris alisimama mbali, kwenye majani, akatuambia, "Msiangalie rangi. Mimineni maji ndani, muone yatatokea wapi."

Maana boti ikiwa nchi kavu, ukitaka kujua siri yake unaijaza maji. Pale yanapotokea ndipo yatakapoingilia ukiwa ziwani. Tukachota, tukamimina. Yakatokea kulia, yakatokea kushoto, na chini kwenye mkuku yakachuruzika mpaka viatu vya Sumeya vikalowa.

"Lo!" Sumeya akasema. "Hii boti au chujio?"

Yule bwana akakasirika. Alikuwa ameshamtambua Damaris. "Hata ningekuwa na nzima nisingewauzia," akasema. "Boti ni mwanamke. Anaposwa, anapewa jina, anakuwa na mume wake. Humchanganyi na mjane ambaye hajarithiwa."

"Mwanamke gani huyu anavuja pande tatu na bado unamtafutia mahari?" nikamuuliza. "Mfunike, mwana wa watu, utaaibika."

Tuliondoka tukicheka, lakini Damaris hakucheka. Njia nzima alitazama dirishani.

Wiki iliyofuata tukaenda Homa Bay. Sumeya alichukua pikapu ya mumewe, Hemed, akaiendesha mwenyewe. Tulisimama Rodi Kopany kununua ndizi, na mwenye ndizi naye, aliposikia tunakokwenda, akacheka. Nikamwambia atuongezee mbili za kutucheka, akaongeza.

Kwenye bichi moja nje kidogo ya mji tulimkuta Mzee Boaz. Huyo hakucheka. Alitupa viti, akatuuliza habari za safari, akatupeleka juu kidogo, mbali na boti nyingine, ilipolazwa boti moja kifudifudi. Haki ya Mungu, niliipenda hapo hapo. Pana, imetulia, mbao nene za mvule, misumari haina kutu. Milka akaigonga ngumi toka mwanzo hadi mwisho, ikaitika sauti moja. Tukasaidiwa kuigeuza, tukaijaza maji. Tukangoja. Damaris, kama kawaida yake, kasimama pembeni na mikono nyuma.

"Angalieni chini ya kiti cha nyuma," akasema.

Pakavu. Hata tone.

"Mzee," Sumeya akasema, "hii tumeipenda."

Tulikuwa tumekubaliana hata bei, kwa urahisi mpaka nikashangaa, simu ya mzee ilipolia. Akasikiliza. Akamtazama Damaris, akatazama chini. Habari za Karungu hazihitaji nauli, zilikuwa zimeshafika.

"Wanangu," akasema baada ya kuweka simu mfukoni, "mimi sina ubaya na huyu dada. Lakini naishi na hawa." Akaonyesha wanaume waliokuwa wakitengeneza neti kule chini, ambao sasa walikuwa wameacha kazi wanatutazama. "Boti nitawauzia. Ila asiipandie hapa kwangu. Ipelekeni mpaka kule kwenye mawe, yeye atembee kwa miguu, apandie huko. Hapa asiishike."

Halafu Sumeya akanivuta kando.

"Caren, tumia akili. Ni mwendo mfupi tu. Tuvumilie, tuchukue boti yetu, tukifika kwenye mawe apande. Nani atajua?"

"Yeye atajua!"

"Hatutapata nyingine kama hii."

"Basi tukae bila! Tumetoka Migori kuja kumnunulia Damaris mlango wa nyuma?"

Nilikuwa napiga kelele, najua. Nikikasirika sina sauti ya ndani. Milka akasema, "Caren ana maneno, lakini leo ana haki pia." Sumeya akauma midomo. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hata anayekupenda anaweza kukuomba uzungukie nyuma.

Tulipogeuka, Damaris mwenyewe alikuwa amesogea. "Ichukueni," akasema, sauti imeshuka. "Ni boti nzuri. Mimi nitatembea. Nimezoea."

Aki, nilitaka kulia. Nimezoea! Neno hilo lilinichoma kuliko vicheko vyote. Nikafungua mdomo nimjibu, lakini Damaris hakuwa ananitazama. Alikuwa anaitazama boti, tena anaizunguka polepole, akiangalia majani yaliyoota marefu pale ilipokuwa imelala. Akatazama kule chini kwenye boti nyingine, zilizoanikwa neti, na mashati ya wavuvi, na hata taulo la mtu. Akarudisha macho.

"Jaduong'," akamwambia Boaz kwa heshima ile tunayowaitia wazee. "Nikuulize kitu. Mbona juu ya hii hakuna aliyeanika hata neti moja?"

Mzee akakohoa.

"Jua linapiga hapa kuliko kule," Damaris akaendelea. "Na nyinyi mnagombania pa kuanika. Lakini hii mmeiacha na majani. Mwenyewe yuko wapi?"

Mzee Boaz akang'oa jani moja kando ya boti, akalitupa. Mwishowe akasema, "Ilikuwa ya ndugu yangu. Alifariki. Hakufia majini, ni presha tu, alikuwa amelala nyumbani. Lakini vijana walikataa kuiingia. Wanasema boti ya marehemu inamwita mwenyewe."

"Na wewe ndugu yake? Uliingia?"

"Hapana."

Damaris akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za jamaa yake. "Kwa hiyo ni mjane," akasema. "Mumewe alikufa, hakuna aliyemtaka, mkamweka kando hapa peke yake."

Wee! Niliruka. "Na tena mnasema mjane asimguse! Mzee, hakuna mwanamume wa bichi hii anayeweza kuikanyaga boti hii, sasa Damaris ataiharibia nini? Mnamlinda nani?"

"Nyani haoni kundule," Sumeya akasema polepole, na aibu ilikuwa imemjaa usoni. Akamshika Damaris mkono. "Nisamehe, dada yangu. Hutatembea kwa miguu. Wallahi hutatembea."

Mzee Boaz alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Akatazama kule chini kwa wanaume wake, kisha akatutazama sisi. "Mimi sijasema kitu," akasema. "Bei tumekubaliana, lipeni, boti ni yenu. Lakini msitarajie mtu wa hapa awasaidie kuisukuma."

"Nani amekuomba?" nikamjibu, nikamhesabia pesa za chama mkononi.

Damaris akaenda, akaweka kiganja juu ya ubao wa mbele. Mara ya kwanza kugusa boti tangu amzike Cephas. Akasema neno moja tu la Kijaluo, lile tunalomwambia aliyefiwa tukimshika mkono: "Mos." Pole. Mimi nikageuka nitazame ziwa, maana pua ilikuwa imeanza kuniwasha.

Kuisukuma, jamani, ilikuwa kazi. Tulimwaga yale maji, tukaweka magogo chini yake, tukavua viatu, tukainama. Milka anahesabu kwa Kikuria, sisi tunasukuma kwa lugha zetu. Boti ikasogea kidogo ikakwama. Wale wanaume walisimama mikono kifuani. Mmoja akasema kwa sauti tusikie kwamba tutarudi tukiogelea.

Ndipo mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akatua karai lake. Sikumjua, na hakuniambia jina. Alikuja akasimama ubavuni mwangu, akaweka bega kwenye ubao. "Mimi pia lile koti nililirudisha," akasema, akasukuma. Akaja mwingine, na mwingine. Wengine sijui walikuwa wajane au walikuwa wamechoka tu kutazama. Boti ikashuka mteremko kwa fujo mpaka maji yakaipokea, na sisi tukaanguka magotini kwenye tope tukipiga vigelegele.

"Damaris mbele!" nikapiga kelele. "Hakuna anayepanda kabla yake!"

Sumeya akamfunga jaketi la kuelea tulilokuja nalo kwenye pikapu, akakaza kila mkanda kama anayemvisha mtoto siku ya kwanza ya shule. Damaris akapandisha sketi, akaingia, akaenda mpaka mbele kabisa, akakaa. Kanyoosha mgongo. Mbele ya bichi nzima, saa ya jua kali. Sisi tukafuata na chapati zetu na makasia yaliyouzwa pamoja na boti.

Tukapiga makasia. Hatukuwa tumefika mbali simu ya Damaris ikalia. Akaitazama, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie. Alikuwa Ochola, shemeji yake.

"Mama Byron, naambiwa uko ndani ya boti."

"Ndiyo, shemeji."

"Umekaa wapi?"

"Mbele."

"Unajua unachofanya? Ziwa halitaki hayo!"

Damaris akanyoosha mkono na simu nje, juu ya maji. Tukaacha kupiga makasia. Mawimbi madogo yaligonga ubao, tap, tap, basi. Akairudisha simu sikioni.

"Nimeliuliza," akasema. "Limenyamaza. Likiwa na neno litaniambia lenyewe, shemeji. Usihangaike kulisemea."

Akakata. Milka akacheka mpaka kasia likamponyoka, tukalikamata kwa shida. Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo watu wenye akili wangelifikiria kabla ya kununua boti: kati yetu wanne hakuna aliyejua kuiongoza, hata Damaris, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea samaki, si kushika kasia. Mimi navuta huku, Milka anavuta kule kwa nguvu zake za ng'ombe, boti inajizungusha. Tulipoinua macho, pua yake ilikuwa imegeuka yote, tunarudi moja kwa moja kuelekea bichi ile ile. Wanaume walikuwa bado wamesimama. Niliona hata meno yao.

"Tumekwisha," Sumeya akasema. "Watatucheka mpaka Krismasi. Caren, vuta! Geuza, geuza!"

Damaris hakugeuka nyuma. Alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili, upepo unampiga kitambaa.

"Usigeuze," akasema. "Nipitisheni karibu nao. Kule nyuma yao kuna mmoja hajaniona vizuri."